Njaa haina seli ya aina moja: uzi kuhusu neva za ubongo zinazopanga uzito wa mwili

#1 Mchimba Jeni (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kuna jambo linanikera kila mada ya unene inapofunguliwa humu. Mchangiaji wa kwanza anasema "kula kidogo", wa pili anasema ni uvivu, wa tatu anafunga mjadala kwa neno moja: kurithi. Hakuna anayekigusa kiungo chenyewe kinachoamua, yaani ubongo. Nimefanya kazi maabara miaka kadhaa, nikikata ubongo wa panya vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini, kwa hiyo leo naomba niwapeleke huko taratibu.

Chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari, kuna sehemu iitwayo haipothalamasi. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu nne hivi. Joto la mwili, kiu, usingizi, uzazi na njaa vyote vinapitia hapo.

Mwaka 1940 Hetherington na Ranson waliharibu sehemu ya katikati ya haipothalamasi ya panya, na panya wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1951 Anand na Brobeck wakaharibu sehemu ya pembeni, na panya wakaacha kula. Vitabu vikaandika kwamba ubongo una kituo cha shibe na kituo cha njaa. Wengi wetu tuliosoma baiolojia tulikariri hivyo na tukafaulu mtihani.

Baadaye watafiti walishuka hadi kwenye seli. Ndani ya haipothalamasi kuna eneo liitwalo akuati, limekaa mahali ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo ni chepesi, hivyo seli zake huonja homoni zinazopita kwenye damu. Hapo kuna makundi mawili yanayovutana. Moja hutengeneza protini iitwayo AgRP, nalo likiamka mnyama anatafuta chakula. La pili hutengeneza POMC, protini ndefu ambayo hukatwa vipande. Kipande kimoja, alfa-MSH, hukaa kwenye kipokezi kiitwacho MC4R na kuuambia mwili umetosheka. AgRP nayo hukimbilia kipokezi hichohicho na kukizima. Mlango ni mmoja, mmoja anaufungua na mwingine anauegemea usifunguke.

Ni seli zenye nguvu ya ajabu. Mwaka 2005 watafiti waliziua seli za AgRP kwa panya wazima, na panya wale wakaacha kula huku chakula kiko mbele yao. Walipoziua kwa panya wachanga waliotoka kuzaliwa, panya wakakua karibu kama kawaida, maana ubongo mchanga ulitafuta njia nyingine. Nililisoma jambo hilo mara ya kwanza nikarudia ukurasa mara tatu. Mwaka 2011 wengine wakaziwasha seli hizo kwa mwanga, na panya aliyeshiba akaanza kula ndani ya dakika chache.

Hapo mtu angesema kazi imekwisha: hii seli ya njaa, hii ya shibe. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Zamani, ili ujue jeni gani zinafanya kazi katika eneo fulani, ulisaga kipande chote na kusoma RNA, yaani nakala za jeni zinazotumika, ya seli zote kwa pamoja. Ulichopata ni wastani. Ni kama kurekodi watu elfu wanaozungumza kwa wakati mmoja kisha useme umesikia mazungumzo yao. Kuanzia mwaka 2015 ilienea njia ya kufungia kila seli ndani ya tone lake dogo na kuigonga RNA yake mhuri wake, ili baadaye ujue kila neno lilitoka kinywani mwa nani.

Mwaka 2017 Campbell na wenzake walichapisha ramani ya eneo la akuati la panya kwa njia hiyo. Walisoma seli 20,921. Walipata aina 50 za seli, 34 kati yake zikiwa za neva. Seli za AgRP, ambazo sote tulizihesabu kuwa kundi moja, ziligawanyika mara mbili. Za POMC ziligawanyika mara tatu. Na eneo lenyewe kwa panya ni dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti! Haipothalamasi nzima ya binadamu ilipochorwa na ramani yake kutoka mwaka 2025, seli zaidi ya 400,000 zilisomwa na aina zikapita 400.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Tukisema "njaa" tunataja umati wa seli ambazo kila moja ina vipokezi vyake, inasikiliza homoni zake na inaongea na jirani zake. Swali la unene, la dawa na hata la lawama lianze hapo: ni seli zipi zinazosema?

Karibuni tujadili.

#2 Tulia Usome

Mkuu umeshusha nondo. Naweka kambi hapa.

#3 Swali Dogo

Asante mleta mada. Naomba unisaidie mahali nilipokwama. Nilifundishwa kwamba seli zote za mwili zina DNA ileile, ile iliyotoka kwa baba na mama siku ya kwanza. Sasa hizo aina 50 au 400 zinatofautianaje kijenetiki? DNA si ni moja?

#4 Mchimba Jeni

@Swali Dogo swali lako si dogo hata kidogo, na ningelijibu mwanzoni kabisa.

Chukua kamusi moja ya Kiswahili. Mpe hakimu, mpe mshairi, mpe mkunga. Wote wana kamusi ileile, lakini ukisikiliza siku yao nzima utakuta kila mmoja anatumia maneno yake, na yapo maneno ambayo mshairi hatayatamka maisha yake yote. Binadamu ana jeni kama 20,000 zinazotengeneza protini. Seli ya AgRP inatamka baadhi, seli ya POMC inatamka nyingine, na seli ya ini ina lugha yake kabisa. Tunaposoma RNA ya seli moja tunasoma maneno yaliyotamkwa. Kamusi nzima hatuigusi. Huo ndio utofauti mkubwa ninaouzungumzia.

Tena utofauti huo unahama. Panya akinyimwa chakula kwa siku moja, mamia ya jeni ndani ya seli za AgRP hubadilisha sauti, nyingine zikipanda, nyingine zikishuka. Seli za POMC za panya huyohuyo hubadilika kidogo sana. Hilo lilionekana mwaka 2015. Yaani majirani wawili wamepata habari ileile ya njaa, mmoja kapanga upya nyumba nzima, mwingine kasogeza kiti tu.

Halafu kuna utofauti wa pili, wa mtu na mtu. Kamusi yangu na yako si nakala moja kwa herufi zote. Wewe unaweza kuwa na herufi tofauti kwenye jeni ya MC4R na mimi sina. Herufi hiyo ipo kwenye kila seli yako, hata ya kucha, lakini inaumiza pale tu jeni hiyo inaposomwa, na MC4R inasomwa zaidi kwenye seli chache za ubongo. Ndiyo maana tofauti hizi mbili zinahitajiana: ya kwanza inakuambia neno linatamkwa wapi, ya pili inakuambia neno limekosewa kwa nani.

Ipo na ya tatu nitaigusa tu. Neva za binadamu hukusanya mabadiliko madogo ya DNA kadiri umri unavyokwenda, zaidi ya kumi kila mwaka kwa kila seli. Kwa hiyo ukibana sana, hata usemi kwamba DNA ni moja mwili mzima si kweli asilimia mia.

#5 Swali Dogo

Nimeelewa vizuri sana. Huo mfano wa kamusi nauchukua, nitautumia darasani.

#6 Mzee wa Nidhamu

Nimesoma yote kwa makini na naheshimu elimu ya mleta mada. Lakini tusidanganyane. Watu wamenenepa duniani kote ndani ya miaka hamsini. Jeni hazibadiliki ndani ya miaka hamsini. Neva hizo babu zetu walikuwa nazo, AgRP walikuwa nayo, na hawakuwa wanene. Kilichobadilika ni ulaji na kukaa. Naona mada kama hizi zinawapa watu kisingizio.

#7 Mchimba Jeni

Mzee wangu, nusu ya kwanza ya maneno yako naikubali bila kupunguza neno. Mazingira ndiyo yaliyobadilika. Vyakula vyenye nguvu nyingi vinapatikana kwa urahisi, na kazi za kukaa zimeongezeka. Jeni hazikuyaleta hayo.

Lakini mazingira hayohayo hayawanenepeshi watu kwa kiwango kimoja. Naomba nikueleze jaribio ninaloliheshimu kuliko mengi niliyosoma katika fani hii. Bouchard na wenzake, nchini Kanada, waliwachukua jozi 12 za mapacha wa kufanana, vijana wa kiume. Wakawalisha ziada ya kalori 1,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, jumla ya siku 84 za ziada ndani ya siku 100. Walikuwa wakikaa chini ya uangalizi, hakuna wa kula kwa siri, hakuna wa kukimbia mbio usiku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Kwa wastani waliongezeka kilo 8.1. Ila aliyeongezeka kidogo zaidi alipata kilo 4.3, na aliyeongezeka zaidi alipata kilo 13.3. Ziada ileile, siku zilezile! Na pacha mmoja akiongezeka sana, mwenzake naye alielekea huko. Akiongezeka kidogo, mwenzake vilevile.

Miaka minne kabla yake Stunkard na wenzake walichunguza watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kuasili. Unene wa watu hao ulifuatana na wa wazazi waliowazaa. Na wa wazazi waliowalea, walioamua kila mlo wa utotoni mwao, haukufuatana.

Kuhusu kisingizio, mzee wangu, hapo sikubaliani nawe. Mtu mwenye macho mabovu tukimweleza jinsi lenzi ya jicho lake ilivyopinda hatujampa kisingizio cha kutosoma. Tumempa sababu ya kutafuta miwani. Nililelewa nikiitwa mlafi mbele ya wageni, na nilikuwa mtoto ninayelala nikihesabu saa za kufika asubuhi nile. Hakuna siku neno lile lilinipunguzia njaa.

#8 Mzee wa Nidhamu

Hilo jaribio la mapacha sikulijua. Kilo 4 na kilo 13 kwa chakula kilekile ni tofauti kubwa. Na pole kwa ya utotoni, kijana wangu. Naendelea kusoma.

#9 Daktari wa Mifugo

Naongezea kutoka upande wetu. Mbwa aina ya Labrador wanajulikana kwa kupenda chakula na kunenepa. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waliwapima DNA na kukuta karibu robo yao wamepoteza herufi 14 kwenye jeni ya POMC, hiyohiyo anayoisema mleta mada. Wenye upungufu huo walikuwa wazito zaidi na waliomba chakula zaidi.

Jambo lililonigusa ni kwamba kwa mbwa waliofunzwa kusaidia watu wenye ulemavu, upungufu huo ulionekana kwa robo tatu hivi. Mbwa anayependa chakula ni rahisi kumfundisha kwa zawadi ya chakula, kwa hiyo inawezekana wafunzi wamekuwa wakichagua jeni hiyo bila kujua. Na utafiti wa mwaka 2024 ukaonyesha mbwa hao wana njaa zaidi kati ya mlo na mlo, halafu wakipumzika wanachoma nishati pungufu kwa takriban robo. Mara mbili wanabanwa.

Huwa nikipokea Labrador mnene siku hizi naongea na mwenye mbwa kwa lugha tofauti na zamani. Bado namwambia apime chakula, lakini simwambii kwamba kazi hiyo ni rahisi.

#10 Tulia Usome

@Daktari wa Mifugo hii imeniingia. Mbwa hatumwambii hana nidhamu.

#11 Neva na Nyaya

Habari wakuu. Nami nipo kwenye fani hii, naomba nimrekebishe mleta mada kidogo kwa nia njema. Umesema kundi la POMC linaleta shibe. Kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini uzi wako unahusu utofauti, kwa hiyo tusiliache kundi hilo likaonekana la sauti moja.

Ile protini ndefu ya POMC ikikatwa haitoi alfa-MSH peke yake. Inatoa pia beta-endofini, ambayo ni ndugu wa vitu vya kutuliza maumivu na kuleta raha. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwa panya kwamba vipokezi vya kemikali za jamii ya bangi vikiwashwa, seli zilezile za POMC humwaga beta-endofini na mnyama anakula ingawa ameshiba. Seli ya shibe ikasukuma kula.

Halafu ndani ya kundi hilo wapo wenye kipokezi cha leptini (homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili) na wapo wenye kipokezi cha GLP-1 (homoni ya utumbo), na kwa sehemu kubwa si walewale. Makundi hayo mawili yamekaa sehemu tofauti za akuati na yanapunguza ulaji kwa kiwango tofauti. Baadhi ya seli za POMC hutoa kemikali ya kuchochea, nyingine ya kutuliza. Ukiziita zote "seli za shibe" umezivalisha sare.

Na moja zaidi ambalo hata mimi lilinichukua muda kulimeza. Mwaka 2010 Padilla na wenzake walifuatilia seli hizi tangu panya akiwa kijusi. Seli nyingi zilizoanza maisha zikiwa na jeni ya POMC imewashwa hazikubaki hivyo. Karibu robo ya seli za njaa za panya mzima zilitokana na wazazi walewale waliozaa seli za shibe. Mahasimu wawili, tumbo moja.

#12 Mchimba Jeni

@Neva na Nyaya asante sana, marekebisho nimeyapokea na nayaunga mkono. Ningeandika "husaidia kuleta shibe, kwa masharti".

Na hiyo ya kijusi inafungua mlango mkubwa. Kama seli zinaamua kuwa za njaa au za shibe mimba ikiwa bado changa, basi hali ya mama wakati huo ina neno. Wakati wa njaa kali ya Uholanzi ya mwaka 1944 hadi 1945, wapo waliokuwa tumboni. Vijana wa kiume walipopimwa wakiwa na miaka 19 kwa ajili ya jeshi, wale ambao mama zao walipatwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene uliozidi mara nyingi zaidi. Waliopatwa nayo miezi ya mwisho ikawa kinyume, unene ulikuwa nadra. Njaa ileile, wakati tofauti, matokeo kinyume. Sisemi kwamba seli za POMC ndizo zilizofanya hivyo, data ile haikufika kwenye seli. Lakini wakati wa mimba unahesabika.

#13 Mpenda Mizani

Mada nzuri. Swali langu ni la vitendo. Hizi sindano za kupunguza uzito za jamii ya GLP-1, kama semaglutidi, zinafanya kazi kwenye seli hizohizo? Nazitumia kwa maelekezo ya daktari. Njaa imepungua kwelikweli lakini kichefuchefu cha wiki za mwanzo kilinitesa. Nilifikiri shibe na kichefuchefu ni kitu kimoja, ukizidisha hiki unapata kile.

#14 Neva na Nyaya

@Mpenda Mizani swali lako limegonga kwenye kiini cha uzi. Vipokezi vya GLP-1 vipo kwenye haipothalamasi, ikiwemo baadhi ya seli za POMC nilizotaja, na vipo pia nyuma ya ubongo, kule chini unapoungana na uti wa mgongo. Huko nyuma kuna maeneo mawili yaliyopakana. Mwaka 2024 ilionyeshwa kwa panya kwamba seli zenye kipokezi cha GLP-1 za eneo moja huleta shibe bila mnyama kujisikia vibaya, na za eneo la jirani huleta ile hali ya kuchukia, ambayo kwa binadamu tunaiita kichefuchefu.

Kwa hiyo si kitu kimoja. Ni seli mbili zenye kipokezi cha jina moja, na dawa ya sasa inagonga milango yote miwili kwa sababu inatambua jina tu. Ukitaka dawa ya kugonga mlango mmoja ni lazima kwanza ujue seli hizo zinatofautianaje kwa jeni nyingine. Ramani za seli moja moja zinatafutwa kwa sababu hiyo. Dozi yako usiiguse bila kuongea na daktari wako.

#15 Mpenda Mizani

Asante. Daktari wangu alinipandishia dozi polepole na sasa nimetulia. Angalau najua kichefuchefu hakikuwa bei ya lazima ya shibe.

#16 Afya Kwanza

Wakuu, kuna vidonge vinatangazwa kuwa vina "leptini" na vinapunguza mafuta. Mleta mada hukuigusa leptini. Inafanya kazi?

#17 Mchimba Jeni

@Afya Kwanza usinunue. Leptini ni protini. Ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama protini nyingine yoyote, haifiki kwenye damu ikiwa leptini.

Habari yenyewe ya leptini lakini ni tamu. Mwaka 1949 katika maabara ya Jackson, Marekani, walizaliwa panya wanene ajabu. Douglas Coleman baadaye aliunganisha mzunguko wa damu wa panya kama hao na wa panya wa kawaida, akaona panya mnene anakula kidogo na kupungua. Akatambua kuna kitu kwenye damu ya panya wa kawaida ambacho yule mnene hakuwa nacho. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman ikaipata jeni yenyewe. Homoni ikapewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Inatoka kwenye mafuta ya mwili na kupeleka habari kwenye ubongo: akiba ipo.

Mwaka 1997 ikaja taarifa ya watoto wawili, binamu, waliozaliwa bila leptini inayofanya kazi. Mmoja alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mwingine miaka 2 na kilo 29. Ubongo wao uliamini mwili unakufa njaa, kila saa, kila siku. Mmoja wao alipoanza kudungwa sindano za leptini alipungua kilo 16.4 ndani ya mwaka mmoja. Nidhamu yake haikuongezwa chochote, aliongezwa homoni.

Kwa wanene wengi hali ni kinyume. Leptini wanayo, tena nyingi, lakini seli za ubongo zimeacha kuisikia vizuri. Kuwaongezea ni kama kumpigia kelele mtu aliyeziba masikio, na majaribio yalionyesha faida ndogo kwa wengi. Na masikio hayo yapo kwenye seli za aina nyingi. Mwaka 2024 maabara ya Friedman ilieleza kundi jingine kabisa la seli za akuati zinazosikia leptini, zinazotambulika kwa jeni iitwayo BNC2. Zinaituliza AgRP moja kwa moja na kwa haraka. Tulikuwa tumekaa nazo miaka yote hiyo hatuzijui.

#18 Mzee wa Nidhamu

Naomba kuuliza nami. Mtu akipima jeni zake leo, ataambiwa atanenepa au hatanenepa?

#19 Mchimba Jeni

Kwa watu wengi hapana, mzee wangu. Utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2018 uliotumia data za watu kama 700,000 ulipata sehemu 941 za DNA zinazohusiana na uzito kwa kulinganisha na urefu, na zote kwa pamoja zilieleza takriban asilimia 6 tu ya tofauti kati ya watu. Kila moja inasukuma kidogo mno. Lakini ukiuliza jeni zilizo karibu na sehemu hizo zinasomwa wapi, jibu linaelekea kwenye ubongo kuliko kwenye mafuta au misuli.

Wachache ndio wenye badiliko moja zito. MC4R ndiyo ya kawaida zaidi, na katika kundi moja la watoto walionenepa sana tangu wadogo ilionekana kwa karibu asilimia 6. Kuna na upande wa furaha. Uchunguzi wa watu nusu milioni wa Uingereza ulikuta wapo waliozaliwa na MC4R inayofanya kazi kupita kiasi, na hao wana uzito mdogo na hatari ndogo ya kisukari na magonjwa ya moyo. Hawajinyimi, mlango wao ndio mwepesi kufunguka.

#20 Mama wa Kitindamimba

Habari zenu. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nisameheni kama nitakosea utaratibu.

Mtoto wangu ana miaka minne. Tangu akiwa na miezi michache hashibi. Analia akiona chakula kinaondolewa, anaamka usiku kutafuta. Uzito wake umezidi sana umri wake. Mahali nilipompeleka niliambiwa nimemdekeza. Kaka yake na dada yake ni wembamba na wanakula chakula hichohicho ninachopika. Alipozaliwa alikuwa na manjano ya muda mrefu na mara mbili sukari ilishuka akalazwa. Nimesoma hapo juu mkasema kuhusu POMC. Nywele zake ni nyeusi, na nimeona mahali pengine watoto wenye shida hiyo wana nywele nyekundu, kwa hiyo nikadhani siyo. Mnaniambiaje?

#21 Neva na Nyaya

Dada, karibu sana, na hujakosea chochote.

Sitasema mtoto ana ugonjwa gani, siwezi kujua kutoka hapa. Ila nywele nyeusi zisikutulize. Alfa-MSH huchangia rangi ya nywele, ndiyo maana baadhi ya watoto wasio na POMC wana nywele nyekundu, lakini katika familia zenye nywele nyeusi rangi hiyo mara nyingi haionekani.

Jambo la kulifanya haraka ni hili. POMC hutoa pia homoni inayoiamuru tezi ya juu ya figo kutengeneza kotisoli. Ikikosekana, sukari hushuka, manjano huchelewa kuisha, na mtoto akipata homa kali anaweza kuzidiwa ghafla. Historia uliyoandika ni lazima daktari aisikie yote. Omba wampime kotisoli, asubuhi, kabla ya kuanza kuzungumzia uzito. Usisubiri kipimo cha jeni ndipo upime kotisoli, maana ya jeni inaweza kuchukua muda na kotisoli inatibika kwa dawa zilizozoeleka.

#22 Mchimba Jeni

Mama, naungana na mwenzangu kwa kila neno. Ukienda, mwombe akuandikie rufaa kwa daktari wa homoni za watoto. Beba rekodi zote za uzito tangu kuzaliwa, hata kama ni kwenye kikadi kilichochakaa, kwa sababu mstari wa uzito wa miaka miwili ya mwanzo unazungumza kuliko kilo za leo. Taja neno njaa, eleza anavyoamka usiku. Taja kwamba ndugu zake ni wembamba.

Iwapo jeni itapatikana, kuna dawa iitwayo setmelanotidi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto na watu wazima wenye upungufu wa POMC, wa kimeng'enya kinachoikata na wa kipokezi cha leptini. Inaingia moja kwa moja kwenye MC4R, yaani inafungua ule mlango bila kusubiri funguo iliyokosekana. Ngozi huwa nyeusi zaidi kwa wanaoitumia, kwa sababu inagusa pia kipokezi cha rangi. Lakini hilo ni la baadaye na litaamuliwa na daktari wake.

Na hukumdekeza.

#23 Mama wa Kitindamimba

Nimesoma mara nyingi sana hilo neno la mwisho. Kadi yake ya kliniki ninayo, haijapotea hata ukurasa. Kesho asubuhi tunaondoka, nimeandika kwenye karatasi: kotisoli, sukari, manjano, njaa ya usiku. Nitarudi kuwaambia.

#24 Mzee wa Nidhamu

Binti yangu, nenda na mtu wa kukusindikiza ili mmoja amshike mtoto wewe uongee vizuri na daktari. Tutasubiri hapahapa.